Tuliacha kuhubiri mbele ya sufuria

Swali lenu la wiki hii linauliza kama ni haki kumwalika kijana mwenye njaa aje kula na papo hapo kuzungumza naye habari za imani, au kama kufanya hivyo ni kuinunua roho yake kwa sahani ya wali. Ninajibu kwa sababu kwa miaka sita mimi na akina mama wenzangu watatu wa jumuiya yetu hapa Manzese, Dar es Salaam, tumekuwa tukipika kila Jumapili jioni kwa ajili ya vijana wanaobeba mizigo katika soko la Mabibo, wanaopiga debe na wanaookota chupa za plastiki, na mwaka wa kwanza tulilitenda kosa lile lile mnalolihofia.

Maaskofu Katoliki wa ukanda wetu walipozifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji mwaka 1976, nia ilikuwa Kanisa liishi nyumba kwa nyumba, kati ya majirani wanaojuana. Lakini jumuiya yetu husali Jumamosi asubuhi na mapema, saa ambayo kijana wa Mabibo yuko chini ya gunia la viazi, na kwa kuwa hana chumba alichopanga bali analala kwa mwenzake, hakuna jumuiya inayomhesabu kuwa wake.

Basi tukawaita. Wali na maharage vilikuwa tayari saa kumi na mbili jioni, nasi tukasoma Injili, tukaimba, tukahubiri karibu saa nzima huku sufuria zimefunikwa pembeni. Waliitikia amina kila tulipoitaka. Siku moja nilikaa nyuma badala ya mbele, nikaona macho yao yote yameelekea kwenye mvuke uliokuwa ukipenya kando ya kifuniko, nikaelewa kwamba zile amina tulikuwa tumezikamua kwenye matumbo matupu. Jioni hiyo hiyo mgeni mmoja alikuwa akiwapiga picha wakila. Kijana mmoja akageuka, akamaliza sahani yake akiutazama ukuta.

Nilirudi nyumbani nikafungua Marko sura ya 5. Yesu anamwinua binti wa Yairo, mtoto wa miaka 12, kila mtu amepigwa na bumbuazi, naye anaagiza mtoto apewe chakula. Hamwulizi kwanza kama anaamini. Mstari huo nilikuwa nimeusoma tangu utotoni bila kuuona.

Tangu hapo chakula kinatangulia. Jagi la maji linazunguka, kila mtu ananawa, na sisi tuliopika tunakula nao katika sinia moja, mboga ile ile, tukiwa tumekaa mkekani kama wao. Picha hazipigwi. Anayetaka kuondoka baada ya kushiba anaondoka, na Jumapili inayofuata anaikuta nafasi yake. Karibu nusu yao ni Waislamu, kwa hiyo mmoja anasema bismillahi na wa pembeni yake anafanya ishara ya msalaba, na mwezi wa Ramadhani tunausogeza mlo hadi baada ya adhana ya magharibi, tukapika uji, mihogo na magimbi. Sijawahi kumwomba hata mmoja abadili dini, wala sitamwomba, kwa sababu mtu anayekula kwako hana uhuru kamili wa kukukatalia.

Mazungumzo ya imani hayakufa. Wao ndio waliyaanzisha. Mmoja aliniuliza, mkono wake ungali na punje za wali, "Mama, nikishinda mkeka, fungu la kumi linatoka?" Mkeka kwao ni tiketi ya kubeti, na wenzake walinyamaza wote, maana karibu kila mmoja anabeti. Nilimwambia ukweli kwamba nilihitaji kulifikiria, na swali hilo tulilijadili Jumapili tatu mfululizo: kama Mungu hupokea fedha ya bahati nasibu, kwa nini jasho la mgongo halitoshi kodi ya chumba, na nani hasa anatajirika kwa mikeka yao. Hakuna mahubiri yangu yaliyowahi kufika huko.

Wapo waumini wenzangu wanaolalamika kwamba vijana hawa wanafuata wali tu. Katika Yohana sura ya 6 Yesu aliwaambia makutano hivyo hivyo, kwamba wanamtafuta kwa sababu walikula mikate wakashiba; lakini aliyasema hayo baada ya kuwalisha.

Jambo ambalo bado linanisumbua ni kwamba wanaopika ni sisi na wanaopakuliwa ni wao, nami sipendi kijana azoee kupokea tu. Hilo hatujalimaliza. Ila Jumapili iliyopita yule aliyekuwa akiutazama ukuta alifika mapema, saa kumi, akiwa na mafungu manne ya mchicha ndani ya mfuko, akaniamkia shikamoo, akauliza kisu kiko wapi.