Re: Nimeongezeka kilo 9 wiki ya 28 na nina sukari ya mimba, niache kula usiku?

Pole dada angu, usilale njaa jamani, mtoto anahitaji chakula! Kama kilo 9 ni nyingi inategemea ulianza na uzito gani, mwenye uzito wa kawaida anatakiwa aongeze kilo 11.5 mpaka 16 mimba nzima ila aliyeanza na BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 30 kwenda juu ni 5 mpaka 9 tu, waambie kliniki waangalie kadi yako ya mwanzo. Mi nilipata hiyo sukari nikiwa hapa Uyole, Mbeya, kilichonisaidia ni kupunguza viazi na ndizi (najua kwa huku kwetu ni ngumu), nakula kidogo kidogo na maharage, mboga nyingi, kipande cha parachichi, halafu natembea kidogo baada ya kula. Ila uzito ukipanda ghafla, uso ukivimba au kichwa kikiuma nenda hospitali siku hiyohiyo.