Tuulizane Wikiendi: Mume anataka Bagamoyo, mimi nataka pweza wa mtaani

SWALI: Dada za siku nyingi, naipenda sana kona yako. Mimi na mume wangu tuna miaka minne kwenye ndoa, mtoto mmoja wa miaka miwili, tunaishi Tabata. Shida yetu wikiendi jamani. Yeye akishika hela kidogo tu anataka twende mbali, mara Bagamoyo, mara tukalale hoteli ya baharini Kigamboni, hela yote inaisha siku moja afu wiki tatu zinazofuata tunaangaliana tu ndani. Mimi ningependa tutoke hata jioni tukale pweza, mihogo, mishikaki, tutembee kwa miguu tupige stori, yeye anasema hayo mambo ya wanachuo, mke anapelekwa sehemu inayoeleweka. Mwezi uliopita tumeenda beach, tumefika saa saba mchana mtoto analia, maji yako mbali huko, chakula tumekisubiri saa moja na nusu, tumerudi hatuongei mpaka Jumatatu. Nani yuko sahihi? – Mama K, Tabata

JIBU: Mama K mdogo wangu, pole, na barua yako nimeisoma mara mbili mana hayo ya kurudi beach hamuongei nayajua. Mimi na baba watoto tulishawahi kwenda kisiwa cha Mbudya tukaogelea kwanza ndo tukaagiza samaki, tumeagiza saa nane, samaki kaja saa kumi na boti la kurudi linaita watu, tumekula tumesimama na mchanga miguuni, na njia nzima kila mtu anamlaumu mwenzie kimoyomoyo. Yani njaa tu, wala hakukuwa na kosa lingine.

Sasa mumeo hana moyo mbaya. Wanaume wengi wamekua wakiamini kwamba kumtoa mke ni kumkalisha kwenye kiti kizuri mhudumu akaja na menyu, kwa hiyo ukimwambia tubane matumizi tukasimame kwenye sinia la pweza yeye anasikia umemwambia hana uwezo. Usianzie kwenye hela. Mwambie nina hamu ya pweza, na ninataka tuende wote. Mke akisema ana hamu ya kitu, mume anayempenda hakai chini.

Na mpeleke penye uhai, sio kibanda cha jirani ambako kila mtu atawasalimia baba K mama K. Nendeni Magomeni au Kariakoo jioni, magharibi ikishapita, taa zimewashwa, mtoto mmemwacha kwa bibi au kwa shangazi. Mtaona sinia la pweza, mikia imejikunja ina rangi ya zambarau iliyoiva, jamaa anakata vipande vidogo vidogo kwa kisu kikali, unachoma na kijiti, unachovya pilipili, unakamulia ndimu, afu anakupa supu yake kwenye kikombe, ya moto, ina chumvi ya bahari yenyewe. Mnalipa kwa vipande mlivyokula. Hapo hamjashiba na ndo raha yake, mnatembea tena mtaa mmoja mbele kuna mishikaki kwenye jiko, mnakula miwili mitatu, mnamalizia na juisi ya miwa yenye tangawizi. Mkiwa mnatembea bega kwa bega mnaongea vitu ambavyo pale mezani mkiangaliana usoni haviji, sijui kwa nini lakini nimeliona hilo kwetu na kwa wengi wanaoniandikia. Jumapili nyingine fanyeni mihogo ya ufukwe wa Coco, ile ya kukaanga na kachumbari, nendeni saa kumi na moja jua limepoa.

Kuna na hii ya asubuhi ambayo mimi naipenda kuliko zote: fikeni Kivukoni mapema, mpite soko la Feri watu wakiwa wananadi samaki, chagueni samaki wenu mpelekeni upande wa wakaangaji wawakaangie hapo hapo, mkimaliza pandeni pantoni mvuke Kigamboni mkatembee ufukweni kidogo mrudi. Mumeo atapata safari yake ya kuvuka maji na wewe utapata chakula chako cha mtaani, na saa saba mko nyumbani.

Kuhusu yale maji yaliyowakimbia, hili mlijue kabisa mana linaharibu matembezi ya watu wengi hapa Dar. Siku za bamvua, yani mwezi ukiwa mpevu au ndo unaandama, maji yanapwa kwenye saa nne asubuhi hivi na yanajaa kwenye saa kumi jioni, na kila siku inayofuata yanachelewa karibu dakika 50. Kwa hiyo siku ya tatu baada ya mwezi mpevu ukifika saa saba mchana unakuta mchanga mtupu na mwani. Angalieni mwezi kabla ya kuangalia hoteli, au muulize mvuvi yeyote. Mlisheni mtoto kabla hamjatoka nyumbani na nyie mle hata chapati na supu, mkifika agizeni chakula kabla hamjavua viatu.

Bagamoyo sasa. Usiikatae Mama K, ni sehemu nzuri sana, ila haihitaji kulala. Ni kama kilomita 70 tu kutoka mjini, daladala zipo Makumbusho, mkitoka saa kumi na mbili asubuhi mnaipita Tegeta na Bunju kabla barabara haijajaa. Anzieni Kaole, ni kama kilomita 5 kusini ya mji, bodaboda au bajaji inawafikisha, kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya zamani na kisima ambacho maji yake hayana chumvi na bahari iko pale pale karibu. Afu rudini mjini misheni ya Wakatoliki, ile iliyoanza 1868, mtembee kwenye njia ya miembe mpaka mnara wa kanisa la zamani ambako mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulilazwa usiku mmoja Februari 1874 baada ya watumishi wake akina Chuma na Susi kuubeba kwa miguu kutoka huko ambako leo ni Zambia. Mwambie mumeo akusimulie hiyo mkiwa pale, wanaume wanapenda kusimulia, na wewe msikilize kweli. Mchana kuleni samaki sokoni ufukweni, saa tisa mko kwenye gari.

Kuhusu hela, nunueni kibubu. Kila mkitoka kula mtaani, ile tofauti ya hela ambayo ingeenda hotelini itupieni humo siku hiyo hiyo mkirudi, yeye aitumbukize kwa mkono wake, msisubiri kesho. Kikijaa ni Bagamoyo, na tarehe achague yeye. Umeniuliza nani yuko sahihi: kwenye pweza wewe, kwenye Bagamoyo yeye, kosa lenu lilikuwa kuamua Jumamosi saa tano mkiwa mlangoni mmevaa. Amueni Alhamisi usiku mtoto akishalala.

SWALI: Shikamoo dada. Nataka nimpeleke mchumba wangu Mbudya tarehe yake ya kuzaliwa lakini mimi sijui kuogelea na naona aibu kumwambia. Nifanyeje? – Kijana wa Mbezi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwambie kabla hamjapanda boti, tena mwambie leo. Nusu ya watu mtakaokutana nao kule hawajui kuogelea, wanakaa maji ya kiunoni kivulini mwa kisiwa wanafurahi. Boti zinatokea Kunduchi, vaa jaketi la kuokolea tangu ufukweni, na kama boti halina lako usipande, subiri linalofuata hata kama mwenye boti anakuita muoga. Andaa na hela ya kiingilio, kile kisiwa ni hifadhi ya bahari tangu 1975, hicho kiingilio sio nauli ya boti. Samaki agiza kwanza, nimeshaeleza hapo juu yaliyonikuta.

SWALI: Dada mimi na mke wangu tumechoka joto la Dar, tunataka Jumamosi moja tu tukapate ubaridi, bila gari, tunarudi siku hiyo hiyo. Inawezekana? – Baba Wawili, Ukonga

JIBU: Inawezekana kabisa shemeji, tangu treni ya SGR, ile ya umeme, ianze kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024 mambo yamekuwa mepesi, ni kama masaa mawili tu. Kateni tiketi mapema mana wikiendi zinaisha, za kwenda na za kurudi siku moja, na kila mtu awe na kitambulisho chake. Stesheni ya Moro iko Kihonda, nje kidogo ya mji, chukueni daladala au bajaji mpaka mjini, hapo tafuteni kijana wa kuwaongoza mpande Morningside kwenye milima ya Uluguru. Njia inapita kwenye mashamba ya watu, mnapishana na kina mama wanashuka na mboga na ndizi kichwani kwenda sokoni, salimieni, na mkitaka ndizi nunueni kwao pale pale njiani. Kupanda kunachukua kama masaa mawili matatu kulingana na miguu yenu, kwa hiyo msipande treni ya mchana. Mkeo avae raba, na mbebe sweta, juu kule ukungu ukishuka baridi ni ya kweli.