Sikukuu nyumbani, na mama mkwe yuko ng'ambo ya daraja

Shangazi, shikamoo. Ninaishi Igoma, Mwanza, na nina watoto watatu. Krismasi hii ninatamani tubaki nyumbani sisi wenyewe, nipike pilau, nikaange sato, kisha tushinde tukitazama televisheni. Miaka yote tulikwepa kwenda kwa mama mkwe, Sengerema, kwa kusingizia foleni ya kivuko. Sasa anauliza, "Daraja lipo, mnasubiri nini?" Mume wangu anataka nimjibu mimi. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, maji yale ambayo yaliwaweka watu foleni kwa saa nzima na zaidi yanavukwa kwa dakika chache, na nina hakika si wewe peke yako uliyepoteza kisingizio. Kutamani kushinda na mumeo na watoto siku ya sikukuu si dharau kwa ukweni. Kilichomuudhi mama, kwa maoni yangu, ni kwamba hajawahi kuambiwa ukweli. Kila mwaka aliambiwa habari za kivuko, naye akaamini kuwa mnatamani kuja ila njia ndiyo inayowazuia.

Mwambieni, basi, kwamba tarehe 25 mtakuwa nyumbani na tarehe 26, ambayo nayo ni siku ya mapumziko, mtakwenda kwake asubuhi na kushinda huko. Maneno hayo ayaseme mumeo, kwa sababu yakitoka kinywani mwako yatasikika kama mkwe anamzuia mtoto wa mtu asiende kwao, hata kama umeyasema kwa adabu zote.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza, lakini siwezi kulinyamazia. Umeandika "nipike" na "nikaange", kisha "tushinde tukitazama". Yaani kazi ni yako na televisheni ni ya wote! Ukiiacha siku hiyo ijipange yenyewe, utaisikiliza tamthilia kutoka jikoni huku mafuta yakikurukia mikononi. Tarehe 24 mumeo aende Mwaloni, Kirumba, asubuhi na mapema, achague sato mwenye macho maangavu na matamvua mekundu, naye akirudi amparue magamba, ampige chale na kumpaka chumvi, ndimu na kitunguu saumu kilichotwangwa, ili kesho yake abaki kukaangwa tu. Jioni hiyohiyo watoto wachague mchele na kumenya vitunguu. Pilau ni yako, kwa kuwa naona unaipenda, lakini samaki akaange yeye. Vyombo vioshwe na waliokula.

Kuhusu televisheni, king'amuzi kilipiwe na umeme wa LUKU ununuliwe siku moja au mbili kabla, kwa maana sikukuu nyingi zimeharibikia hapo. Ugomvi wa mpira na tamthilia usikutie hofu: Ligi Kuu ya Uingereza haichezwi tarehe 25, kwa hiyo siku hiyo rimoti inaweza kukaa kwako bila kesi yoyote. Mechi zao kwa desturi huanza tena tarehe 26, na ile ya saa tisa alasiri ya kwao huku kwetu ni saa 12 jioni, kwa hiyo usishangae mumeo akianza kuaga ukweni mapema kuliko wewe. Usimruhusu. Kama mama ana televisheni, atazame hukohuko, akiwa ameketi karibu na mama yake.

Mpelekeeni mama mchele, sukari, na kitenge ukijaliwa. Simu ipigwe wiki hii, si usiku wa tarehe 24, wakati mama amekwisha kumfunga jogoo miguu kwa ajili yenu.