Matangazo ya 1955 ni yapi?

SWALI: Nimesoma sentensi hii: "Mwaka 1955 Waingereza waliona matangazo ya kwanza ya televisheni, yaliyodhaminiwa na kampuni ya dawa ya meno." Mwenzangu anapinga, anasema BBC ilianza zamani. Mwandishi amekosea historia au lugha?

JIBU: Mwaka ameupatia, lugha ndiyo iliyomponza. BBC ilianza kurusha matangazo ya televisheni kwa ratiba kutoka Alexandra Palace, London, tarehe 2 Novemba 1936. Iliyoanza tarehe 22 Septemba 1955 ni ITV ya Uingereza, televisheni iliyoendeshwa kwa fedha za matangazo ya biashara, na jioni hiyo likaonekana tangazo la kwanza la biashara: dawa ya meno ya Gibbs SR, tyubu ikiwa ndani ya bonge la barafu. BBC, iliyokuwa ikiendeshwa kwa ada ya leseni waliyolipa wenye televisheni, haikuwa na biashara hiyo.

Tatizo linakuja kwenye wingi. Ukisema "tangazo" la televisheni, msikilizaji anafikiria sabuni au soda. Ukisema "matangazo", anaweza kufikiria sabuni, au mpira unaorushwa moja kwa moja, au kazi nzima ya kituo. Ndiyo maana maneno "ya biashara" hapa hayaachwi, hata kama mhariri analalamikia nafasi. Tena "ya televisheni" inazidi kumpoteza msomaji, kwa sababu inayafanya matangazo kuwa mali ya chombo. "Kwenye televisheni" inataja mahali yalipoonekana, basi. (Ukipenda runinga au luninga, sina ugomvi nawe.)

Kosa la pili ni zito zaidi, ingawa mwenzako hakuligusa. Kudhamini ni kugharimia kipindi ili jina lako liambatane nacho. Sheria ya Televisheni ya 1954, iliyoizaa ITV, ilikataa hasa jambo hilo: wabunge wengi waliogopa mtindo wa Marekani, ambako kampuni za sabuni zilikuwa na sauti ndani ya vipindi. Mwenye bidhaa aliruhusiwa kununua dakika zake tu, na tangazo lilipaswa kutenganishwa wazi na kipindi. Kwa hiyo Gibbs hawakudhamini chochote, walinunua nafasi.

Ningeandika: "Mwaka 1955 Waingereza waliona kwa mara ya kwanza matangazo ya biashara kwenye televisheni, na lililotangulia lilikuwa la dawa ya meno." Mwenzako atakosa pa kushika.