Kabla hujachukua bassotto wa Mtaliano, nisikilize kwanza

Hapa Malindi msimu ukiisha, mvua za Aprili zikianza na wageni wa Kitaliano wakipanga mizigo, lazima utasikia kuna mbwa anatafutiwa mahali. Mimi ndivo nilivompata Pippo, mwaka wa nne sasa huu. Nlikua natunza nyumba moja upande wa Casuarina, mwenyewe akaanza kuumwa akaona harudi tena, akaniambia huyu bassotto mchukue wewe maana anakujua. Bassotto ni jina la Kitaliano la huyu mbwa mdogo, mwili mrefu na miguu mifupi, ndilo tulilolizoea hapa mjini, Wajerumani wanamwita Dackel au Teckel na Waingereza dachshund.

Nikajua nimepata kimbwa cha kubeba mkononi, basi. Siku ya tatu tu mke wangu ananiita, tuta la mchicha lote limefukuliwa, natoka nje namkuta Pippo keshaingia chini ya banda la kuku, umebaki mkia tu unatikisika na mchanga anautupa nyuma kwa miguu unanipiga magotini. Alikua anamfuata panya buku. Nikamwita, nikamwita, hageuki hata sikio. Alipotoka nikamchapa na ndala, na hilo ndilo kosa kubwa nililolifanya, wiki mbili nzima nikikaa kibarazani yeye anahama anaenda kulala kwa mlango wa jikoni.

Baadae ndo nikatafuta kujua huyu mbwa katoka wapi, na nawaambieni hapo ndipo kila kitu kilipofunguka. Dachs kwa Kijerumani ni mnyama wa kule kwao, jamaa ya huyu nyegere wetu, mkali sana, anakaa shimoni. Hund ni mbwa. Yaani ni mbwa wa nyegere! Wawindaji wa Ujerumani walikua wanachagua vizazi kwa vizazi wale wenye miguu mifupi wapate kuingia shimoni, kifua kirefu cha kumpa pumzi kule chini, na sauti nzito kuliko mwili wake ili walioko juu wasikie wajue wachimbe wapi. Mpaka leo Wajerumani wanapowagawa kwa ukubwa wanapima mzunguko wa kifua, kwasababu swali ni anaingia kwenye shimo gani, na wale wadogo kabisa ni wa shimo la sungura. Chama chao cha Teckel kimeanzishwa 1888, na wanavompenda hata Olimpiki ya Munich 1972, ile Kipchoge Keino alochukua dhahabu ya kuruka viunzi na maji, mnyama wake wa bahati alikua Waldi, bassotto wa rangi rangi.

Sasa fikiria. Mbwa kaingia gizani peke yake, mbele yake kuna mnyama wa kumuuma uso, mwenyewe yuko juu hamuoni wala hawezi kumwambia rudi au songa. Lazima aamue yeye. Kwa hivo huyu kafugwa kwa karne nyingi awe mbwa wa kujiamulia, na wewe unamtaka akisikia jina lake aache panya aje? Siku nilipolielewa hilo hasira zote ziliniisha. Sikumwona tena kama mbishi, nilimwona anafanya kazi yake.

Nilichofanya nikamtengea kona nyuma ya choo cha nje, mchanga wa pwani toroli tatu, kila jioni nafukia kichwa cha samaki mkavu kila mara mahali tofauti. Anachimba mpaka ulimi nje, halafu analala. Mchicha haujaguswa tena.

Kuhusu ukali sitawaficha. Kuna uchunguzi wa 2008 wa huko Marekani, walipolinganisha aina nyingi za mbwa, hawa bassotto wakatokea kati ya wanaoongoza kwa kuwakoromea na kuwauma wageni, na hata wenye nyumba. Lakini 2022 ukatoka mwengine kwenye jarida la Science, mbwa zaidi ya 18,000, wakakuta aina ya mbwa inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti ya tabia baina ya mbwa na mbwa. Mimi kwa nilivoona, kuchimba na kubweka ni damu, ila kumrukia mtoto hapo kuna mtu alimuumiza au hakumzoesha watu mapema. Wanangu niliwakataza kumgusa akila na kumvuta mkia, basi, hajawahi kuwagusa. Na majirani pia uwafikirie, mzee wa nyumba ya pili aliniambia kwa upole, mwanangu, huyo asinipitie karibu natoka msikitini, nikamwambia hewala mzee, tangu siku hiyo magharibi Pippo yuko ndani ya ua.

Kubwa kuliko yote ni mgongo. Ile jeni iliyofupisha miguu inakwenda na ugonjwa wa diski za uti wa mgongo, yaani vile vipande laini baina ya mifupa, karibu mmoja katika kila wanne unampata. Wangu aliruka kutoka kwenye tuktuk, kesho yake asubuhi nasikia krrr, krrr, kucha zinakwaruza saruji, mguu wa nyuma umepinda anakanyagia juu ya vidole. Niliogopa jamani. Daktari wa mifugo akasema dawa na kufungiwa mahali padogo wiki sita, asiruke asipande ngazi, na bahati tulimuwahi mapema, wengine wanapooza kabisa. Kwa hivo ukimbeba weka mkono mmoja kifuani mwengine chini ya makalio, usimwachie anenepe na mabaki ya wali na maandazi, na usimfunge kamba shingoni, mimi fundi viatu sokoni alinishonea mkanda wa kifuani kwa ngozi ya mkoba mkuukuu.

Juzi kuna kijana kaja anataka dume ampandishie jike lake auze watoto, hela nzuri kweli. Nikamkatalia. Mbwa alieumwa mgongo hazalishwi, watoto watarithi maumivu yale yale. Alikasirika lakini nikampeleka nyuma nikamwonyesha Pippo anavoshuka ule ubao niliomwekea kibarazani, taratibu, mguu wa kushoto bado unachelewa.