Sanamu ya Penthesilea inanata na kuinama: nifanyeje?

SWALI: Nina sanamu ya Penthesilea, malkia wa Waamazoni, ya plastiki ya PVC, urefu sentimita 25. Ameshika shoka mkono wa kulia, amevaa suruali ya mistari ya zigizaga na kofia laini yenye ncha. Niliinunua kwa mtu, ngao ikiwa imeshapotea. Sasa ngozi yake inanata kama imepakwa asali, vumbi limegandia, na mwili mzima unaegemea mbele kwa sababu amesimama kwa mguu mmoja. Kabati langu la vioo liko dirishani, hapa Tanga. Je, niipanguse kwa asetoni? Na ngao nimtengenezee ya duara, kama ya askari wa Kigiriki?

JIBU: Ndugu yangu, asetoni iweke mbali kabisa, na tineri pia. Nimewahi kuletewa sanamu iliyopanguswa hivyo. Nyusi moja ilikuwa imeondoka na pamba, na shavu limeparara kama limepigwa msasa. Rangi ya macho na nyusi ni utando mwembamba mno, na ukishatoka ni kazi ya kuchora upya kwa brashi ya nywele chache.

Huo unato hautoki nje. PVC kwa asili yake ni ngumu, ndiyo ileile ya mabomba ya maji. Ili ipindike kidogo bila kukatika, kiwanda huichanganya na kilainishi, kimiminika chenye asili ya mafuta. Kilainishi hicho hakifungamani na plastiki kikemia. Kimekaa tu katikati ya molekuli zake, na joto likizidi hupanda juu taratibu. Pwani ya Tanga wakati wa kaskazi, kabati lililofungwa, jua la dirishani: hapo umekiita kwa jina. Ukichelewa kuitoa sanamu kwenye boksi lake la plastiki ni vilevile, kwa kuwa mvuke wa kilainishi hauna pa kwenda.

Isafishe kwa maji ya uvuguvugu na matone mawili ya sabuni ya vyombo. Tumia mswaki laini wa mtoto, hasa kwenye mikunjo ya suruali na nyuma ya magoti, ambako uchafu hujikusanya kama tope. Suuza, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha iache siku mbili tatu mahali penye hewa na kivuli. Unato unaweza kurudi, nawe utaosha tena. Kilichomo ndani hakuna wa kukitoa chote, lakini ukihamisha kabati mbali na dirisha na kuacha mlango wake wazi kidogo, utaona tofauti.

Kuhusu kuinama, uzito wote unaangukia kifundo kimoja chembamba, na plastiki laini ikibeba mzigo kwenye joto hulegea na kupinda yenyewe, polepole. Chemsha maji, yaache yapoe hadi nyuzi 65 hivi, kisha zamisha mguu tu, kuanzia kwenye goti kwenda chini. Uso usiguse maji hayo. Baada ya dakika moja utahisi kifundo kimelegea kama ndala mpya. Kinyooshe, kipitishe kidogo upande wa nyuma kuliko unavyotaka, ukishikilie hivyohivyo ndani ya beseni la maji ya barafu hadi kikaze. Kikirudi kupinda baada ya miezi, dawa ni waya wa chuma wa milimita 1: toboa kwa keekee ndogo ya mkono kutoka kwenye unyayo hadi juu ya kifundo, usukume waya ndani na tone la gundi ya epoksi. Supaglu inashika, ila moshi wake huacha ukungu mweupe kwenye rangi iliyo jirani.

Sasa ngao, na hapa nakusihi usiharakishe. Angalia kwanza alivyovaa. Kwenye vyungu vya Kigiriki vya karne ya 6 KK vyenye picha nyeusi, Waamazoni mara nyingi huvalishwa kama askari wa Kigiriki wenyewe, kofia ya shaba na ngao kubwa ya duara. Kuelekea mwisho wa karne hiyo wachoraji walianza kuwavika mavazi ya Waskithia, wapanda farasi wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi: suruali ya mapambo, kofia laini, upinde, shoka. Wako ni huyu wa pili. Ngao inayomstahili ni pelta, nyepesi, yenye umbo la mwezi mwandamo, iliyosukwa kwa fito na kuvikwa ngozi. Ngao ya duara ya shaba juu ya suruali ile itamvuruga.

Kwa kimo chake, sanamu ni kama moja ya saba ya mtu mzima. Pelta ya sentimita 60 inakuwa sentimita 8 na nusu. Usikate kifuniko cha ndoo, maana plastiki ile haikubali gundi wala rangi. Chukua epoksi ya kufinyanga, ile mafundi bomba wanayozibia mivujo, isukume iwe na unene wa milimita 2 juu ya mgongo wa bakuli lililopakwa mafuta, kisha uchonge mbonyeo wa mwezi kwa kisu kabla haijakauka. Ikishakuwa ngumu, ipake rangi ya akriliki ya maji.

Ifunge kwenye mkono wa kushoto kwa pini ya waya, na hakikisha haigusi paja. Kilainishi huhama kutoka kwenye PVC kwenda kwenye chochote kinachoigusa, na rangi ya ngao yako mpya itaanza kunata pale inapogusana nayo. Nafasi ya milimita 2 inatosha.