Beetle Inayozima Ikipata Moto: Anza na Umeme, Kabureta Isubiri

Gari langu ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1969 yenye injini ya 1300, nililolikuta limeegeshwa chini ya mwembe kwa miaka mingi. Kwa miezi minne lilinitesa kwa ugonjwa mmoja tu. Asubuhi liliwaka bila shida, likaenda vizuri kilomita 20 hivi, kisha likazima ghafla; likishapoa kwa nusu saa liliwaka tena kana kwamba halijapata kuwa na ubaya wowote. Naandika kwa ajili ya mwenye gari la aina hii ambaye yuko karibu kufanya kosa nililolifanya mimi, yaani kununua vipuri kabla ya kujua kinachoumwa.

Fundi wa kwanza alisema ni kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, tukaisafisha, kisha tukanunua nyingine. Wa pili alibadilisha pampu ya mafuta, akieleza kwamba kwa joto letu la Tanga petroli huchemka ndani ya bomba. Maelezo hayo yana ukweli wake, kwa kuwa petroli iliyogeuka mvuke huishinda pampu. Hata hivyo, nilipaswa kujiuliza mapema kwa nini gari la ukoo uleule ulioshinda mashindano ya East African Safari mwaka 1962 lishindwe kufika Muheza kwa sababu ya jua.

Dalili niliyoipuuza ni namna lilivyokuwa likizima. Injini inayokosa mafuta haifi mara moja: hushtukashtuka, hupungua nguvu, pengine hurudi kidogo ukiachia pedeli, ndipo inyamaze. Injini inayokosa umeme hukatika kama taa. Langu lilikuwa likikatika, nami nilikuwa nimetumia fedha zote upande wa mafuta.

Siku liliponiacha kati ya Hale na Muheza niliamua kutofungua chochote kabla ya kupima. Nilihakikisha kwanza kwamba hakuna petroli inayovuja, nikachomoa waya mmoja wa plagi, nikauvika plagi ya akiba, nikaishika kwa koleo yenye mpini wa mpira na kuigusisha kwenye chuma kitupu cha injini, huku kijana wangu akizungusha stata. Cheche nzima huwa ya buluu na husikika ikilia. Ile ilikuwa hafifu, ya rangi ya chungwa. Ni lazima kipimo hiki kifanyike palepale gari lilipozimia, likiwa bado la moto, kwa sababu likishavutwa hadi gereji na kupoa kila kitu kitaonekana kizima, na fundi atakurudisha kwenye kabureta.

Nilipofungua distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, nilikuta platini, yaani vile vibao viwili vinavyogusana na kuachana ili kukata umeme, zimeungua na kufanya vishimo, jambo ambalo mara nyingi humshtaki kondensa. Kazi ya kondensa ni kuupokea umeme platini zinapoachana ili usiruke pale katikati, na hivyo kuiwezesha koili, inayozidisha nguvu ya umeme wa betri, kutoa nguvu yake yote kwa plagi. Yangu ilikuwa ikifanya kazi ikiwa baridi na kufa ikipata joto. Imefungwa kwa skrubu moja ubavuni mwa distributa, na bei yake haikufikia hata sehemu ya kumi ya bei ya ile kabureta. Koili nayo huweza kuugua vivyo hivyo, kwa hiyo badilisha kimoja, endesha hadi gari lipate moto sawasawa, ndipo uguse cha pili. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kipi kilikuwa kibovu, na huenda ukatupa kizima. Platini mpya ziwekwe kwa nafasi ya milimita 0.4, kisha taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, ikaguliwe upya, maana nafasi hiyo ikibadilika taimingi nayo husogea.

Katika kuhangaika huko niligundua jingine. Nilikuwa nikijivunia kwamba tapeti za gari langu, zile zinazosukuma valvu zifunguke, hazipigi kelele, kumbe zilikuwa zimekaza. Tapeti iliyokaza huizuia valvu kufunga kabisa, na valvu isiyofunga huungua. Pima nafasi ya milimita 0.15 kati ya tapeti na valvu injini ikiwa baridi kabisa, yaani baada ya kulala usiku kucha, na rudia kila kilomita 5,000. Anza na silinda ya tatu, kwa kuwa katika injini kama yangu rejeta ya oili imo ndani ya boksi la feni na huipunguzia silinda hiyo hewa ya kuipoza. Mimi huridhika zaidi na tapeti inayogongagonga kidogo.

Mipira ya petroli iliyopasukapasuka ibadilishwe leo, si kesho. Iko jirani na distributa yenye cheche.

Na taa nyekundu ya dinamo ikiwaka mwendoni, usijidanganye kwamba betri itakufikisha nyumbani. Katika Beetle mkanda unaozungusha dinamo ndio huohuo unaozungusha feni ya kupoza injini, na ukikatika, kilomita chache zinatosha kuiharibu. Simama, zima, fungua nyuma, iliko injini, utazame. Mkanda wa akiba hukaa chini ya kiti changu cha nyuma, pamoja na bisibisi na kondensa mbili, kwa sababu ile mpya ya kwanza ilidumu wiki tatu tu.